Maksai Aliyetembea kwa Niaba Yangu

Nakiri mapema ili mcheke yaishe: nilimfunga maksai wa baba mdogo simu ya mama yangu shingoni ili atembee kwa niaba yangu. Ndiyo, maksai, ng'ombe wa kulimia, mwenye pembe na mkia.

Chanzo ni daktari. Mama alipokutwa na presha aliambiwa atembee kila siku, na mama yangu akiambiwa kitu na mtu mwenye koti jeupe anakishika kuliko amri kumi. Alianza kwa kuzunguka nyumba, akafika shuleni, akafika barabara ya Kahama, na baada ya miezi michache presha ikatulia, usingizi ukarudi, na nguvu za kunigombeza zikaongezeka. Siku moja akanikuta nahema kwa kubeba ndoo moja kutoka bombani (bomba lenyewe liko uani), akasema, "Shija, kesho unaanza kutembea. Beba simu yangu, inahesabu hatua. Nataka elfu nane kabla ya chai."

Elfu nane! Kabla ya chai!

Sasa, ng'ombe wa baba mdogo hutoka alfajiri kwenda kunywa maji lamboni na kurudi saa tatu, na anayewachunga ni mwanawe Masanja, ambaye kwa maandazi mawili anakubali lolote. Tukaitia simu kwenye soksi yangu ya shule, tukaifunga chini ya kengele ya maksai, mimi nikarudi kulala nyuma ya ghala. Siku tatu mama alisoma hatua akatabasamu, hata akaniongezea paja la kuku. Nililila bila aibu.

Siku ya nne ikawa Jumamosi. Mnajua Jumamosi saa nne baba hupiga simu kutoka machimboni Geita, akishapanda kilima kutafuta mtandao. Asipompata mama, anaamini presha imemlaza. Na mama asipoisikia sauti ya baba, anaamini shimo limemfunika. Simu lazima iwe nyumbani, hakuna mjadala.

Saa tatu na nusu ng'ombe wakarudi. Maksai hayupo.

"Baba kamchukua njiani," Masanja akasema bila hata kunitazama. "Kampeleka mnadani, akauzwe."

"Na simu?"

"Si iko shingoni?"

Nikatimua mbio. Nguzo ya tatu ya umeme mbavu zikagoma, nikawa najikokota huku moyo unagonga kama mashine ya kusaga, nikimwona mnunuzi tayari anampakia maksai kwenye lori, na mama nyumbani anaanguka. Bibi mmoja mwenye kapu la viazi kichwani akanipita (akanipita!) akiuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, unafukuzwa na nani?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu wala ya kumwamkia.

Nafika mnadani, maksai yuko katikati ya watu, dalali ana kipaza sauti, "Laki nane, laki nane na nusu," na hapo hapo shingo ya ng'ombe ikaanza kuimba kwaya, maana huo ndio mlio wa simu ya mama. Watu wakarudi nyuma. Mzee mmoja akasema huyo ng'ombe si wa kununua. Dalali, mtu asiyeogopa kitu, akachomoa soksi, akapokea, akaiweka karibu na kipaza sauti.

"Mama Shija! Mbona hupokei? Uko wapi?"

"Yuko mnadani hapa," dalali akajibu. "Amefika laki nane na nusu."

"Nani? Mke wangu?"

"Mke sijui. Ana pembe nzuri."

Baba akaanza kupiga kelele, uwanja mzima ukacheka, na nusu ya darasa langu walikuwa pale wanakula miwa. Ikabidi nipenye, nishike kipaza sauti, nikiri mbele ya wote huku nahema: "Baba... ni Shija... mama mzima... simu ndiyo... nilimpa ng'ombe." Sauti ya baba ikaja polepole: "Ulimpa nani?"

Hapo watu wakaanza kupisha njia, na anayepita ni mama, kanga imekazwa kiunoni. Masanja alishamwambia kila kitu. Mama akamwamkia mzee wa karibu, akachukua simu, akasema, "Baba Shija, mimi mzima, usihangaike." Baba mdogo alikuwa ananitazama kama ananipigia bei. Nikakaa chini vumbini. Sitarudia, naapa, hata kwa mbuzi.

Mama akanisimamia, akasema hivi, neno kwa neno:

"Nimetoka nyumbani mpaka hapa kwa miguu, na presha yangu, sijahema. Wewe una miaka kumi na sita unahema kama umezikwa ukafukuliwa. Mimi nimeambiwa nitembee nikiwa nimeshaumwa, Shija. Wewe nilitaka uanze ukiwa mzima. Haya, nyanyuka."