Diski Moja Inasema Uongo

Hospitalini walimwita Mama Diski, na jina lilimkaa kama kandambili za kuazima: hazikuwa zake, lakini alitembea nazo. Kazi yake ilikuwa kutunza picha zote za eksirei. Zilihifadhiwa katika diski nne alizozifungamanisha kwa programu, ili moja ikifa, tatu zilizobaki ziweze kurudisha kilichokuwamo. Alizipanga mwenyewe katika stoo isiyo na dirisha, na tangu hapo hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa.

Mumewe alipohamishiwa mji mwingine aliondoka na binti yao. Yeye akabaki kidogo tu, mpaka apatikane wa kumrithi. Hakupatikana. Kidogo ikazaa kidogo nyingine.

Ijumaa moja hatimaye alipewa likizo. Alikuja kazini na begi, tiketi ya basi ikiwa mfukoni, akapitia stoo kutazama ukaguzi wa kawaida, ule ambao programu husoma diski zote kuona kama zinapatana. Tofauti zilitakiwa ziwe sifuri. Hazikuwa.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. "Si kuna amri ya kurekebisha? Ipe, uende zako. Watu wako wanakusubiri."

"Ipo, bosi. Ila itazilazimisha tu zikubaliane. Haijui ipi inasema uongo."

"Wewe unaijua?"

"Bado."

Angeweza kubonyeza. Kioo kingesema kila kitu kiko shwari, na hakuna ambaye angejua, mpaka siku daktari afungue picha ya kifua cha mtu aone doa lisilokuwepo, au asilione lililopo. Akalisukuma begi chini ya meza, akampigia mumewe.

"Nimekwama."

"Umekwama au umekaa?" mume aliuliza. Hakuuliza kwa hasira, na ndiyo maana iliuma.

Basi likaondoka bila yeye. Alizuia diski zisiandikwe chochote, kisha akawa anaziweka pembeni moja baada ya nyingine na kusoma zile picha zenye shaka. Kila picha ilikuwa na alama ya hesabu iliyowekwa siku ilipopigwa, kwa hiyo iliyoharibika ilijulikana. Kiyoyozi kilimdondoshea maji begani. Hakuhama, maana hapakuwa na pa kuhamia. Alipoiweka pembeni ya tatu, karibu picha zote zikarudi sawasawa. Waya wake ulikuwa umelegea. Akabadilisha waya, kwa tahadhari akaweka na diski mpya, akasubiri ijazwe kutoka zile nyingine. Picha chache zilikataa kabisa. Akamwambia daktari wa picha, na wagonjwa wenyewe wakaitwa kupigwa upya.

Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha wafanyakazi, mkurugenzi alimsimamisha. "Mtu kama huyu, jamani, tutamwachiaje aende?" Watu wakapiga makofi. Alitabasamu, huku akihisi kuta za stoo zikimfuata mpaka ukumbini. Kumbe kamba iliyomfunga aliisokota mwenyewe, kila alipofanya kazi vizuri.

Jioni alipiga simu nyumbani. Akapokea binti yake, ambaye zamani neno lake la kwanza kwenye simu lilikuwa "unakuja lini?"

"Shikamoo mama. Baba yuko nje, nimwite?"

"Marahaba. Hapana, nataka kuongea na wewe."

"Haya," mtoto akasema kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize.