Kisiwa cha Kigiriki Kando ya Maegesho

Nimetembelea kisiwa kimoja cha Ugiriki mara nyingi kuliko Wagiriki wengi, na sijawahi kukiona. Kilikuwa kaskazini mwa Riyadh, kati ya kibanda cha tambi za Kichina na maegesho ya magari, mbali mno na bahari yoyote. Nyumba zake nyeupe zilikuwa za povu gumu lililopakwa plasta; ukiuegemea ukuta, ukuta nao ulikuegemea. Bahari yake iliishia magotini, na kila Jumamosi asubuhi alikuja mtu na ndoo ya rangi kuifanya iwe ya buluu.

Nitaeleza taratibu, maana aliyeishi nchi ile zamani na aliyefika juzi hawawezi kuamini mambo yaleyale. Ilikuwa miaka ya mabadiliko. Wanawake walikuwa wameanza kuendesha magari, muziki ukapigwa hadharani, na kila msimu wa baridi kampuni zilishindana kuwakusanyia watu dunia nzima kwenye uwanja mmoja, ili mtu ale Japani, anywe kahawa Italia, kisha arudi kulala kwake. Kampuni yetu ilipewa Ugiriki. Bosi wetu, kijana wa Kisaudi mpole aliyesoma ng'ambo, alichagua kwa makusudi kisiwa ambacho hakuna mtu anayekijua.

"Kile maarufu kila mtu ameshakwenda," alitueleza. "Atakuja mmoja aseme ngazi hazikai hivi, mlango hauko pale. Hiki chetu nani atatukosoa?"

Jina la kisiwa silitaji. Wenyewe hawajanikosea kitu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia Pemba kabla ya kwenda kule kwa mkataba. Usaili wangu ulikuwa mfupi.

"Umezaliwa wapi, ustadha?"

"Pemba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kisiwa, bosi. Kiko Tanzania."

"Kisiwa!" Akairudia simu yake kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi ya siku. "Halas. Wewe utaeleza mila."

Kwa hesabu yake visiwa vyote vilikuwa ndugu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimeshamjua mmoja. Akanikabidhi karatasi yenye habari za mahali penyewe. Ilikuwa nzuri: vijiji vitatu, vinu vya upepo, kuta za mawe, jibini la mbuzi, sikukuu, mvinyo wa nyumbani, kanisa dogo juu ya kilima. Halafu akaipitia kwa kalamu mbele yangu. "Mafi kanisa," akasema, yaani hakuna kanisa, akafuta. "Mafi mvinyo. Mafi sikukuu, sikukuu zao zote zina kanisa." Kanisa likageuka nyumba yenye kengele, mvinyo ukageuka sharubati ya zabibu, na karatasi ikabaki nusu. Vijiji vitatu, vinu, mawe na mbuzi. Ziara ilikuwa ya dakika arobaini.

Sasa mwalimu yeyote anajua kipindi cha dakika arobaini ni nini. Huwezi kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio ukawatajia mbuzi, ukanyamaza. Wiki ya kwanza nilijaribu, na mzee mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mbuzi wale waliwahi kufanya jambo lolote. Wiki ya pili nikaanza kuazima kwetu.

Nilianza kwa woga. Nilisema kwamba kisiwani huko bi harusi huwekwa ndani kwa siku kadhaa na kusingwa kwa singo la maua na karafuu mpaka mwili ung'ae. Akina mama waliokuja na binti zao wakasogea karibu. Nikaona mambo yanakubali. Nikaongeza somo, yule mama anayemfunda bi harusi na ambaye hakuna anayethubutu kumbishia. Mwisho nikaleta sahani. Nilieleza kwamba katika vijiji vile jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu. Utatia chochote, hata kama ni mayai mawili. Hapo watu walitazamana. Mama mmoja akamwambia mumewe, "Umesikia? Wagiriki wana adabu kuliko dada zako."

Sahani hiyo ilinigombanisha na sahani nyingine. Mwenzangu, kijana wa Kikenya kutoka Kakamega, aliajiriwa kucheza ngoma ya Kigiriki na kuvunja sahani mara tatu kila jioni, kwa sababu bosi alikuwa ameona kwenye video kwamba ndivyo wanavyofanya. Alivalishwa sketi nyeupe yenye marinda na viatu vyenye mashada ya nyuzi.

"Mwalimu, unaniharibia kazi bana," alinilalamikia nyuma ya kinu cha upepo, akifagia vigae. "Wewe unasema sahani inarudishwa na mayai, mimi dakika tano baadaye naipiga chini. Sasa Mgiriki mwenye akili ni nani kati yetu?"

"Wewe ni Mgiriki wa kijiji cha chini. Kule wana hasira."

"Sawa. Lakini nikirekodiwa na hii sketi, mamangu akaona, ataita kikao cha ukoo. Na watakuja wote."

Nilimtia moyo. Nilimwambia anacheza vizuri, na ni kweli alicheza vizuri. Mchezo wenyewe tu ndio ulikuwa wa kwao, wa mabega, sio wa Ugiriki. Hakuna aliyegundua. Waliokuja walipiga picha, wakala jibini kutoka kiwanda cha palepale Riyadh, wakasema kwamba wamechoka na utalii wa kila mtu na sasa wanapenda vitu halisi.

Ningecheka tu msimu mzima kama si mama. Mama alikuwa amepata nafasi ya umra, na kikundi chao kingeshukia Jeddah mwezi wa Shaabani. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mitatu. Msimu wa Riyadh ukiisha, kisiwa kingefunguliwa skrubu na kusafirishwa kwenda kusimamishwa Jeddah, pamoja na mweleza mila mmoja tu. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa dada wa Kifilipino aliyewahi kufika Ugiriki kweli, kwenye jiko la meli ya watalii, akaiona kupitia kidirisha cha duara. Mmoja wetu angekwenda Jeddah. Mwingine ikama yake, yaani kibali cha kuishi nchini, ingefungwa, arudi kwao. Yaani ikiwa ni mimi, ningepishana na mama angani: yeye akija, mimi nikienda.

Bosi akasema ataamua kwa haki. Alikuwa amempata mtaalamu: mama wa Kigiriki, mke wa mhandisi aliyekuwa na kazi pale mjini, mwenye asili ya kisiwa chetu hasa. Kati ya visiwa vyote duniani! Kile kisiwa kisichojulikana kilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe anakuja Jumanne baada ya Alasiri kukagua uhalisi.

Dada wa Kifilipino alitangulia. Akaeleza kidirisha na mbuzi, akamaliza kwa dakika kumi. Kisha ikawa zamu yangu. Nilikusudia kusema nusu karatasi tu na kumwachia Mungu. Lakini bosi, nyuma ya mgeni, alikuwa akinifanyia ishara kwa vidole, kama mtu anayeshika kitu cha mviringo. Sahani, ustadha. Yalla, sahani!

Nikasema yote. Bi harusi, singo, somo, karafuu, sahani na mayai yake. Nilikuwa namtazama yule mama usoni kama mwanafunzi anayetazama mkono wa mwalimu unaosahihisha. Nikaona machozi.

"Bibi yangu," akasema. "Bibi yangu alifanya hivyo hasa. Nilikuwa nimesahau."

Polepole nikafahamu kwamba alizaliwa Australia, na mama yake pia. Kisiwani alifika mara moja, ana miaka sita, na anachokumbuka ni mbuzi aliyekula kofia yake. Mengine yote alikuwa akiyapata kwangu. Akatoa daftari. Akaniomba nirudie habari za karafuu, awaandikie wanawe walioko Australia, wasije wakapotea bila kujua walikotoka.

Hapo ndipo mwalimu mwema angesema kweli. Nimefundisha watoto miaka tisa kwamba usilolijua, sema sijui. Lakini bosi alikuwa amesimama pale, na Jeddah ilikuwa mkononi mwake, na mama alikuwa anakuja Jeddah. Nikamtajia karafuu herufi kwa herufi, naye akaniachia anwani yake.

"Halisi kabisa," yule mama akamwambia bosi, akifuta macho.

"Jeddah," bosi akaniambia mimi.

Kwa hiyo mwezi wa Shaabani nilikuwa Jeddah, katika chumba cha wafanyakazi mtaa wa Kandara, wanawake sita na feni moja. Kisiwa chetu kilisimamishwa ufukweni, na jambo la kuchekesha kuliko yote ni kwamba bahari ya kweli ilikuwa hatua chache nyuma ya ukuta, nasi tukaifunika kwa turubai lenye picha ya bahari, kwa sababu ya kweli haikuwa na buluu ya kutosha. Duka letu lilikuwa likiuza sasa "sahani ya kisiwa", ndani ya boksi, tupu.

Mama alimaliza umra yake, akaomba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi, akaja Jeddah kunitazama, jambo ambalo miaka hiyo liliruhusiwa bila maneno mengi. Kituoni nilimkuta amekonda, na mkono wake ulinukia manukato ya msikiti wa Makka. Tulishikana tu mpaka dereva akatupigia honi. Siku moja ndiyo tuliyokuwa nayo, na ilikuwa siku ya kazi, basi nikamchukua.

Yule kijana wa Kakamega, naye alikuwa ameletwa, akamwona akakimbia kuificha sketi nyuma ya meza. "Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Hiyo nguo wamekuvisha au umeugua?"

Mama akaketi kwenye kiti mbele ya wageni, buibui lake jeusi na kanga mabegani, nami nikaanza. Nilipofika kwa bi harusi nikasikia kiti kinalia. Nilipofika kwenye singo akasimama.

"Wewe mwana wewe!" akasema kwa Kiswahili, sauti ya jikoni kwetu. "Hayo si ya kwetu hayo? Hawa Wagiriki nani kawapa?"

"Mama, keti, nitakueleza."

"Wala hutaeleza, kwa sababu unakosea! Karafuu haitiwi nyingi namna hiyo, utamchoma mtoto wa watu. Ni ya kunukia tu. Na liwa ya kumlainisha ngozi iko wapi? Hukutaja liwa!"

Wageni wakaniuliza bibi anasema nini. Nikafikiri juu ya daftari la yule mama, na wanawe huko Australia wakijifunza kuzidisha karafuu.

"Mama huyu anatoka kisiwani," nikawaambia. "Anasema nimekosea. Na kisiwa chenyewe kinaitwa Pemba."

Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, ya kwanza niliyosema pale tangu nusu karatasi ya Riyadh. Wageni walifurahi kupita kiasi. Walimzunguka mama, wakampiga picha, na bwana mmoja akaandika "Pemba" kwenye simu yake, akaniuliza kama kuna boti ya moja kwa moja kutoka Athene.

Bosi akaja kuangalia kelele. Nikajua yamekwisha. Akamtazama mama kuanzia kanga mpaka viatu, akatazama foleni iliyokuwa ikirefuka nje ya lango.

"Huyu bibi ni wa kisiwani kweli?"

"Kweli, bosi. Ni mama yangu."

"Muulize kama anaweza kuja na Alhamisi. Tutamtafutia vazi."

Nikamfasiria mama, neno kwa neno, kama mkataba ulivyotaka. Mama akanitazama, akamtazama kijana wa Kakamega mle nyuma ya meza na marinda yake.

"Mwambie nimekuja umra," akasema. "Sikuja kuwa Mgiriki."

Halafu akaingia dukani, akachukua sahani moja kwenye rafu, akaigeuza akaona haina kitu, akaguna. Akafungua mkoba wake, akatia tende alizonunua Makka, akampa bosi kwa mikono miwili. Bosi alishukuru sana. Sahani aliirudisha baada ya Magharibi, imeoshwa vizuri, tupu.

Usiku huo huo nilimwandikia yule mama wa daftari. Nilianza na karafuu.