Mama Karavati anavyowavusha nguchiro barabara kuu

Saa moja na nusu asubuhi. Malori yanapita kwa fujo kwenye barabara kuu, moja likilikimbiza jingine, na huku chini mtaroni kinachoonekana cha mwanamke huyu ni gambuti mbili tu. Mwili wote uliobaki umeingia ndani ya bomba la zege.

"Ngoja kidogo! Natoka!" sauti inavuma kutoka humo ndani.

Anatoka kinyumenyume, reki mkononi, utando wa buibui umemtanda juu ya kilemba. Anajifuta uso kwa kiwiko, anatutazama sisi wageni tuliokuja kumhoji, kisha anaangua kicheko.

"Karibu ofisini kwangu. Samahani tu, viti hatuna."

Wenzake wa matengenezo ya barabara wanamwita Mama Karavati, na jina limemganda kiasi kwamba hata mumewe hulitumia anapotaka kumchokoza. Kazi yake ni kuzibua makaravati, yale mabomba makubwa yanayopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Anachota mchanga, anatoa chupa, mifuko na vipande vya matairi. Ni kibarua cha kutwa. Ujira wake unatosha chakula na sabuni, na gambuti anajinunulia mwenyewe.

Lakini karavati hili la kwenye kona lina kazi ya pili ambayo hakuna mkataba ulioitaja. Upande mmoja wa barabara kuna kichaka chenye vichuguu, upande wa pili kuna bonde lenye maji. Wanyama wanaolala kichakani hunywa maji bondeni. Katikati ndipo ilipopita lami.

"Hodi wanapiga hapa," anasema, akiinama kwenye mchanga ulio mdomoni mwa bomba. "Hizi nyayo ndogo ni za nguchiro. Hao ni ukoo mzima, wanapita kwa msururu kama watoto wa shule. Huu mburuzo ni wa kobe. Na hizi kwato ni za paa. Huyo ana haya, hapiti mpaka mtu aondoke."

Ukimuuliza mambo haya yalianzia wapi, anakuambia ukamuulize Dereva.

Dereva ni mumewe. Hajashika usukani kwa miaka, lakini jina la kazi halistaafu. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya gereji ya kuziba pancha, na siku tulipomtembelea alikuwa ameketi dirishani, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya stuli, anatengeneza redio ambayo mkewe anasema haikuwa imeharibika.

"Madereva tuna sheria moja," alisema. "Mnyama akikuingilia barabarani, shika usukani, usikwepe. Nilimfundisha hivyo kila utingo niliyefanya naye kazi. Halafu siku hiyo, pale kwenye kona, akatoka paa na mtoto wake. Yule mdogo akasimama katikati, ananiangalia. Wewe ungefanyaje?"

Alikwepa. Lori lililala mtaroni, mguu ukavunjika mara mbili, na nyonga haikurudi kama ilivyokuwa. Kazi iliishia hapo. Majirani walikuja kumpa pole, na wengine, pole ikiwa bado mdomoni, wakamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Nikawaambia, jamani, ninyi methali hiyo mnaisikia tu. Mimi ndiyo naitembelea."

Mkewe alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshakwenda kumwekea mto chini ya goti. Alisema hakumlaumu paa hata siku moja. Alichojiuliza wakati akimuuguza mumewe ni jambo dogo tu: yule mnyama, maskini, alikuwa apite wapi?

Aliporudi kazini aliomba apangiwe ile kona. Wenzake walimshangaa, maana hapo ndipo mumewe alipoumia. Alikuta karavati limejaa udongo mpaka juu. Alilichimba kiangazi kizima, akianza upande huu, akichoka anahamia upande wa pili, mpaka siku moja reki ikatokeza ng'ambo. Wiki chache baadaye aliona nyayo za kwanza, akaacha vifaa vyake hapo hapo na kwenda mbio nyumbani kumwambia mumewe.

"Tangu aumie hakuwa amecheka," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hiyo alicheka mpaka mguu ukamuuma. Mimi nikalia. Basi tukawa hivyo, huyu anacheka, huyu analia."

Furaha ile ndiyo iliyomponza. Mama Karavati ni msafi kupita kiasi. Vikombe vyake vinang'aa, na ole wako uingie kwake na viatu. Alipoona amepata wageni, akafanya kama afanyavyo mwenyeji yeyote anayejiheshimu. Alinunua dawa ya kusafishia vyoo, akaingia ndani ya karavati na brashi, akasugua kuta, akafagia vinyesi vyote, akasuuza. Lilikuwa safi mpaka, kwa maneno yake mwenyewe, mtu angeweza kulala humo.

Kesho yake nguchiro walifika mdomoni, wakanusa, wakarudi nyuma. Wakanusa tena. Kisha wakapanda juu barabarani.

"Nilikuwa nimesimama ng'ambo. Nikapiga kelele, nikapunga kilemba. Lori halina breki za ghafla, na dereva hakuwa na kosa. Walikufa wawili." Alikunja upindo wa kanga yake na kuukunjua. "Niliwaokota kwa sepetu yangu mwenyewe. Niliwaua kwa usafi."

Ni Dereva aliyemfumbulia fumbo hilo jioni ile, alipomkuta amekaa jikoni bila kuwasha jiko. Alimwambia kwamba miaka yote ya safari ndefu, akiwa amechoka hajui usiku wala mchana, harufu ya jikoni kwake ndiyo iliyomjulisha kwamba amefika. "Umewafutia harufu ya kwao, mama watoto. Wangejuaje kwamba ndipo?"

Alfajiri iliyofuata wenzake walimwona akitoka kichakani na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na udongo wa vichuguuni, majani makavu na vinyesi vya nguchiro, naye akaingia karavatini kuvimwaga na kuvisambaza kwa mkono. Mfagiaji anaingiza uchafu mahali alipolipwa autoe! Mmoja alikwenda kumwambia nyapara wao kwamba mama wa watu kapata mshtuko, apewe likizo.

Hakuwa amechanganyikiwa. Nguchiro walirudi siku ya tatu, na tangu hapo anafanya kazi kwa kanuni yake mwenyewe. "Taka natoa, harufu naacha."

Mwaka huu, hata hivyo, tishio lilikuja kwa barua yenye sahihi na muhuri. Wakati wa mvua za mwaka jana chupa na magunia viliziba makaravati kadhaa, maji yakapanda barabarani, na gari dogo likateleza mpaka mtaroni. Hakuna aliyeumia, lakini amri ikatoka kwamba kila karavati lifungwe wavu wa nondo mdomoni ili takataka zisiingie. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshapima na kuacha alama ya rangi nyekundu kwenye zege. Nondo zile zingekaribiana kiasi kwamba hata nguchiro mdogo asingepenya.

Nyapara si mtu mbaya. Ni kijana mwenye umri wa kifungua mimba wa Mama Karavati, na alikuwa na hoja. "Mama, wanyama wako nawapenda, lakini lile gari lilikuwa na watoto ndani," alimwambia. Naye alichoomba ni muda tu: amwachie mdomo wa karavati hili wazi msimu huu wa mvua, naye atalizibua kila siku, na Jumapili pia. Likiziba hata mara moja, wafunge. Nyapara akakubali.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, siku ya pili ya ziara yetu. Mama Karavati alishuka mtaroni na reki yake, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakimfika magotini, halafu mapajani. Juu kwenye kona Dereva alisimama na mkongojo wake na kitambaa chekundu, akiwaashiria madereva wapunguze mwendo. Wengi walipunguza. Wakongwe walimpigia honi mbili fupi, wakimwita kwa jina.

Chupa zilikuja, akazitoa. Likaja gunia, akalitoa. Kisha likaja godoro.

Lilikuwa godoro kuukuu la watu wawili, limelowa, zito kama ng'ombe. Lilijibandika mdomoni mwa karavati na maji yakaanza kupanda papo hapo. Alilivuta, halikutikisika. Alilishika pembe akaweka mguu ukutani, likamrudisha. Maji yalimfika kiunoni, na juu mumewe aliita jina lake, lile la ujana ambalo watu wa kazini hawalijui.

Pikapu ya nyapara ilisimama. Angeweza kukaa garini akaandika kwamba karavati limeziba, na mjadala ungekwisha. Alishuka na viatu vyake vya ngozi, akaingia majini.

"Shika huko, mwanangu! Mimi nashika huku! Haya, moja, mbili…"

Lilitoka walipovuta mara ya tatu. Maji yalinguruma kuingia bombani, na wote wawili wakaanguka chali kwenye tope, nyapara akiwa amelikumbatia lile godoro kifuani. Kiatu kimoja kilikwenda na maji na hakijaonekana mpaka leo.

Jioni ile tulidhani mambo yamekwisha salama. Mama Karavati ndiye peke yake aliyekuwa na wasiwasi, na asubuhi yake tulielewa kwa nini. Jua lilikuwa limewaka, na karavati lilikuwa jeupe, limesuguliwa na mafuriko kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakukuwa na nyayo wala vumbi.

"Maji yamefanya kile kile nilichofanya mimi na dawa yangu," alisema, na safari hii hakucheka.

Alikuwa ameshajaza ndoo mbili. Nyapara alipofika kukagua, na kandambili miguuni, alikabidhiwa toroli kabla hajamaliza salamu.

"Mama, nimebeba saruji, nimebeba kokoto, nimebeba lami ya moto. Leo nabebeshwa mavi?"

"Beba, baba. Ni makavu."

Alibeba. Mama Karavati aliingia ndani akasambaza kwa mikono yake mpaka katikati, akatokea ng'ambo, kisha wote wakajibanza nyuma ya nyasi ndefu. Dereva aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Walikuja jua lilipoanza kuchoma. Aliyetangulia alikuwa jike mzee mwenye sikio lililochanika, ambaye Mama Karavati humwita Bibi. Alifika mdomoni, akasimama kwa miguu ya nyuma, akanusa hewa. Nyuma yake msururu ukasimama. Bibi akageuza kichwa, akatazama juu, barabarani.

Lori likapita. Ardhi ikatetemeka.

Mama Karavati alikuwa ameshika goti la mumewe, lile lile bovu, na kulikaza. Bibi alishuka, akanusa zege, akanusa udongo, akapiga hatua moja ndani. Akatoka. Kisha akaingia, na safari hii hakurudi. Wakamfuata mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, kadogo kasikozidi kiatu, kalisimama kujikuna kwanza, kakaingia kakikimbia kuwafikia wenzake.

Tulisubiri mpaka nyasi za upande wa bondeni zilipotikisika. Tuliona fahari na huruma kwa pamoja, na hatuoni aibu kuandika hivyo. Mama Karavati alijifunika uso kwa kanga. Nyapara alitazama mtaroni, upande maji yanakotokea.

"Nondo tutazisimamisha kule juu mtaroni," alisema hatimaye, "kabla maji hayajafika hapa. Takataka zikwame huko, mdomo ubaki wazi. Nitampigia mhandisi."

Alimpigia pale pale. Mhandisi alitaka kujua gharama, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema wajaribu. Kabla ya juma kwisha nguzo za nondo zilikuwa zimesimama mtaroni, na alama nyekundu ya fundi imefutwa. Barabara itakapopanuliwa, nyapara ameahidi kuliombea karavati jipya ukingo mkavu wa wanyama kutembelea.

Mama Karavati anasema mgongo umeanza kumdai. Kibarua chake kitakwisha kazi ya upanuzi ikikamilika, naye hana mpango wa kuomba kingine. Anataka kukaa nyumbani na mumewe, wagombane kwa raha zao kuhusu redio.

Tulimuuliza kama hasikitiki kuwaacha nguchiro wake. Alifikiri kidogo, akikung'uta tope kwenye gambuti.

"Watu wakiondoka mahali hutaka wakumbukwe," alisema. "Mimi naomba kinyume chake. Siku nikiondoka, Bibi aje na wanawe, wanuse, waingie, watokee kule wakanywe maji. Wasijue kama niliwahi kuwepo."