Nazi Saba

Harufu ya nazi inayokunwa hunirudisha uani kwetu Mishomoroni, siku mama alipopelekwa hospitali kujifungua. Baba alizunguka ua akiuliza saa, mpaka nyanya akamsukumia mbuzi ya nazi.

"Keti hapa ukune!"

Nami, mbishi tangu utotoni, nikauliza, "Nyanya, sasa nazi zitamsaidiaje mama?"

"Mamako hazimsaidii kitu. Sisi ndio zatupumzisha na maswali ya babako."

Baba alikuna nazi saba. Simu ilipolia aliruka, ndevu zimejaa nazi, akapaza sauti, "Msichana! Wote wazima!" Majirani walikula wali wetu siku mbili.

Bado siamini kwamba nazi humtuliza mtu. Lakini leo msichana yule yuko leba, nami nimefika nazi ya nne.