Kompyuta ya Notburga Isiyo na Kioo

Wifi yangu Notburga hajui kutulia. Hata kanisani, padri akihubiri, vidole vyake vinapiga chapa kwenye goti. Nikimfinya ananiambia nisubiri, anamalizia sentensi.

Miaka kumi alichapa barua katika ofisi moja ya kahawa hapa Mbinga. Ikaja zamu ya watu binafsi, ofisi ikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akapewa taipureta badala ya kiinua mgongo. Akapanga chumba karibu na soko, akaanza kuchapia watu. Kwa taipureta hiyo alimsomesha binti yake Ida mpaka kidato cha nne, baba wa mtoto akiwa ameshatangulia mbele ya haki.

Kazi iliyomlisha hasa ni mitihani ya majaribio ya shule za msingi. Mwaka 2001 Mwalimu Cleopa wa Mkumbi, anayekusanya mitihani ya shule zote za kule, akamwambia mbele yangu, "Mama Ida, mwaka huu wakubwa wanataka ya kompyuta. Ukiwa nayo mwezi wa nane, kazi ni yako. Usipokuwa nayo, naipeleka Songea."

Toka siku ile hakulala, na mimi hakuniacha nilale. Asubuhi yuko mlangoni kwangu, ananiambia wifi Edina, tuuze mbuzi. Jioni yuko tena, wifi Edina, mbuzi hatoshi. Mwisho nikatoa magunia mawili ya kahawa, si kwa moyo mweupe, ni kwa kuchoka. Kwa hiyo tulipokwenda Songea dukani kwa fundi Placidi, mdomo nilikuwa nao na haki ya kuutumia ninayo.

Placidi alikuwa anaunganisha kompyuta kwa vifaa vilivyokwisha tumika. Alituamkia shikamoo, akatuandikia orodha: boksi, mazabodi ambayo ndiyo ubao wa kuchomekea kila kitu, memori, hadi diski ya kuhifadhia kazi, kibodi, kioo, printa, na stebilaiza ya kutuliza umeme. Alipojumlisha nikacheka. Pesa yetu ilikuwa imefika kwenye kibodi ikaishia hapo.

Notburga akaomba kalamu. Akapunguza memori nusu. Akachukua hadi diski ndogo kuliko zote. Placidi akashauri tuache stebilaiza. Wifi akamwuliza, "Umeme wa Mbinga unaujua wewe? Unapanda na kushuka kama homa." Stebilaiza ikabaki. Printa haikuguswa, maana bila karatasi hakuna mtihani. Akatoka nje, akazunguka duka mara mbili, akarudi na kukata kioo.

"Mama," alisema Placidi, "kompyuta bila kioo utaonaje?"

"Mimi nikichapa siangalii ninachochapa. Naangalia mwandiko wa mwalimu."

"Wifi, umerogwa," nilisema. "Kahawa yangu ukanunulie boksi pofu?"

Siku mbili nzima alikaa dukani mbele ya kioo cha Placidi, akijifunza kwa moyo. Fundi aliitengeneza ile programu ya kuandikia ifunguke yenyewe ukiwasha. Wifi alikariri vitufe vya kuhifadhi, vya kuchapisha, vya kurudi juu mwanzoni, vya kushuka mstari mmoja mmoja. Kisha akafumba macho, akachapa ukurasa mzima, printa ikautoa bila kosa. Placidi akabaki anajikuna kichwa. Mimi nilinuna mpaka Mbinga.

Mwezi wa nane mtihani wa sayansi ukachapwa, ukatoka safi, na Mwalimu Cleopa akaja kuuchukua. Akausoma amesimama.

"Safi sana. Ila swali la kumi na nne tumelibadilisha. Hebu lifungue hapo tulirekebishe." Akatafuta kwa macho. "Kioo kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la wifi yangu. Yeye hakosei kuchapa, basi hakuwahi kuwaza kwamba kuna watu wanaobadili mawazo. Nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo.

"Kaa, Mwalimu," alisema. "Utaliona kwenye karatasi."

Akachukua ule ukurasa uliokwisha toka, akaanza kuhesabu mistari kwa penseli toka juu. Ishirini na tisa. Akarudisha mwanzoni, akabonyeza kushuka huku anahesabu kwa sauti, akafuta mstari, akaandika swali jipya. Printa ikalia. Lo, limekaa mahali pa swali la kumi na tatu, lile la kumi na nne la zamani bado lipo pale pale. Alikuwa amesahau mstari mtupu ulio chini ya kichwa cha habari.

Mwalimu akatazama saa yake. "Mama Ida, gari la Songea linaondoka saa saba. Nisikupotezee muda."

"Mwalimu, naomba mara moja tu."

Safari hii hakuhesabu kwa sauti. Midomo ilikuwa inacheza tu, na goti lake linapiga meza mpaka nikalishika. Akalirudisha la kumi na tatu. Akashuka. Akafuta. Akaandika. Karatasi ilipotoka hakuishika, akanisukumia mimi. "Soma, wifi. Mimi siwezi."

Nikasoma la kumi na tatu, ni lenyewe. Nikasoma la kumi na nne, ni jipya, herufi kwa herufi. Wifi akaniambia nisome yote arobaini, nikasoma yote arobaini, na Mwalimu akasikiliza bila kutazama saa tena. Nilipomaliza, akakunja karatasi zake, akatoa kwenye mkoba mwandiko wa mtihani wa hisabati, akauweka mezani.

Notburga alikuwa amefunika uso kwa viganja, analia kwa kwikwi. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza vidole vile nimeviona vimetulia. Mimi niliyemwambia amerogwa nikamshika bega.