Kichwa Chini, Nyangeta

Leo wazazi pale bwawani wamenisikia nikimfokea mtoto aliyekuwa anaongoza mashindano ya kuogelea. Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla hamjasimuliwa.

Nyangeta ana miaka kumi na mitatu, kwao ni wavuvi. Kuogelea kajifunzia ziwani, kwa hiyo anaogelea kichwa juu, anaangaza huku na huku.

Miezi minne namwambia, "Kichwa chini, utaongeza kasi."

Ananijibu kwa adabu, "Sasa mwalimu, mamba nani atamwangalia?"

Bwawa lina vigae vya bluu. Mamba hakuna.

Basi leo anaongoza, kichwa juu. Nikapaza sauti, "Kichwa chini!"

Akasimama. Akageuka, akaanza kurudi.

Nilichosema hapo sikiandiki. Mama mkwe yumo humu kwenye kundi.

Kumbe mtoto wa nyuma yake kabanwa na misuli, anazama kimyakimya. Wenzake wote walimpita, vichwa chini, mtindo safi kabisa. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Nyangeta akamvuta mpaka ukingoni. Mtoto ni mzima, anakunywa soda.

Nyangeta amekuwa wa mwisho. Akanifuata, bado anahema.

"Samahani mwalimu, nilisahau kuinamisha kichwa."

 Mwenye jibu la kumpa aandike hapo chini, kesho jioni tuna mazoezi.