Kamba ya Kikapu na Mbuzi wa Mama Mkwe

Leo nusura nimshone mbuzi.

Nilikuwa kwenye cherehani hapa nyumbani Lumino, nazungusha kamba ya pamba, naishona duara juu ya duara, kikapu kinapanda vizuri. Bunda la kamba liko nje mlangoni. Mimi navuta tu.

Mara kamba ikakaza. Nikavuta kwa nguvu.

Ikanivuta na mimi.

Halafu kichwa cha mbuzi kikaingia mlangoni.

Kumbe mama mkwe alimfunga kwa ncha ya kamba yangu. Hakuikata, eti asiniharibie kazi.

Akaja mbio. Nikajua nimekwisha.

Akaangalia kikapu, akaangalia mbuzi.

"Wewe shona tu. Mbuzi yangu nitashika."

Mpaka sasa amemshika masikio, na anataka kikapu chenye vishikio.

Mama mkwe wako amewahi kukushikia nini?